CHOKI NA SAILENSA: Namna ya Kutafuta Ugonjwa wa Kabureta katika Motokaa ya Zamani

Mafundisho kwa wakulima wapelekao mazao katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam

1. SABABU YA KARATASI HII

Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliochukua mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Leo mzigo wa mkulima hauendi Kariakoo juu ya kichwa cha mtu. Huenda kwa motokaa. Na wakulima wadogo walio na motokaa, wengi wana zile za zamani: Land Rover, Peugeot 404 au 504, Datsun, na pikapu za Toyota za miaka ya 1970 na 1980. Motokaa hizi zina kabureta. Mpya hazina, maana tangu miaka ya 1990 viwanda vingi viliacha kabureta, na petroli hupulizwa ndani ya injini kwa amri ya kompyuta.

Mwenye motokaa ya zamani asiidharau. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Na mwaka 1966 na 1967 dereva wake alikuwa Bert Shankland, mkaaji wa Dar es Salaam. Chombo kilichotunzwa vema huvumilia njia mbaya.

Lakini tazameni yanayotokea mara nyingi. Mkulima afika mjini alfajiri na matenga ya nyanya. Njiani motokaa ilikwenda vizuri, lakini katika msongamano wa Mtaa wa Msimbazi injini yazimika kila mara aondoapo mguu kwenye mafuta. Avuta choki, ikakaa kidogo, ikazimika tena. Mtu wa kando amshauri kukaza skrubu hii, na mwingine kufungua ile. Jua lapanda, nyanya zalainika, bei yashuka. Jioni fedha iliyobaki huishia Gerezani kwa kununua kabureta nyingine, na kumbe ile ya kwanza haikuwa mbovu. Ilikuwa na mpira uliopasuka au chembe ya mchanga.

Basi neno kuu la karatasi hii ni moja: ugonjwa utafutwe kwanza, skrubu iguswe mwisho.

2. KAZI YA KABURETA

Petroli haiwaki vema ndani ya injini mpaka ichanganywe na hewa kwa kipimo. Injini iliyokwisha kupata moto hutaka kiasi cha ratili 15 za hewa kwa ratili moja ya petroli. Kazi ya kabureta ni kupima mchanganyiko huo.

Katika kabureta nyingi za pikapu hewa hushuka kutoka juu kwenda chini, na njiani hupita vilango viwili vya duara. Kilango cha juu ni cha choki. Kilango cha chini hufuata mguu wa dereva: akikanyaga hufunguka, akiachia hufunga karibu kabisa.

Ubavuni pana chumba kidogo cha petroli, na ndani yake boya. Petroli ikipanda, boya hupanda nayo na kusukuma sindano inayoziba tundu la kuingilia. Ikishuka, sindano hufungua.

Dereva akiwa ameachia mguu, injini yaendelea kuzunguka polepole. Mwendo huo mafundi wetu huuita sailensa, nasi twatumia neno hilo hilo. Katika sailensa injini hunywa petroli kwa njia yake mwenyewe, yaani kwa jeti ndogo ambayo tundu lake ni jembamba mno. Kwa hiyo motokaa yaweza kwenda vizuri barabarani, kwa kuwa jeti kubwa ni safi, na kuzimika kila isimamapo, kwa kuwa jeti ndogo imeziba.

3. CHOKI NI DAWA YA BARIDI

Injini ikiwa baridi, sehemu ya petroli haigeuki kuwa mvuke. Hushika katika kuta za bomba kama umande. Injini hupata hewa nyingi na mvuke kidogo. Ukivuta choki, kilango cha juu hufunga, hewa hupungua, na petroli huvutwa kwa wingi. Injini ikipata moto, choki haina kazi tena, nayo yapasa kurudishwa kabisa.

Mtu aendeshaye na choki iliyovutwa hupata hasara tatu. Kwanza, petroli huisha upesi. Pili, plagi huingia masizi. Tatu, na hii ndiyo kubwa, petroli isiyowaka huosha oili katika kuta za silinda na kushukia penye oili chini. Vuta kijiti cha kupimia oili ukinuse: kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda bila wewe kuiongeza, jua ya kuwa injini yako inalika.

4. KABLA YA KUGUSA KABURETA

Injini nyingi zinazosemwa kuwa na ugonjwa wa kabureta zina ugonjwa wa umeme au wa valvu. Kwa hiyo tazama kwanza plagi, nyaya zake, na wakati wa kuwasha cheche. Rangi ya plagi hufundisha: kahawia ni afya, nyeusi yenye masizi makavu ni petroli nyingi, nyeupe ni hewa nyingi.

Shika pia maonyo haya:

(a) Usivute sigara, wala usiweke koroboi karibu. Mchanga mkavu uwe tayari ndani ya ndoo.

(b) Usimimine petroli katika mdomo wa kabureta huku mwenzako akiwasha. Moto hurudi juu, na watu wameungua nyuso kwa desturi hii.

(c) Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu kimya kimya.

5. KIPIMO CHA CHOKI

Choki hufaa pia kama kipimo, na kipimo hiki hakigharimu hata senti moja.

Injini ikiwa na moto na ikitetemeka katika sailensa, vuta choki kidogo sana, kiasi cha upana wa ukucha, kisha sikiliza.

Sauti ikitulia na injini ikazunguka vizuri zaidi, ugonjwa ni njaa: petroli ni kidogo au hewa ni nyingi. Soma sehemu ya 6.

Injini ikizidi kutetemeka, ikatoa moshi mweusi au ikazimika, ugonjwa ni shibe: petroli imezidi. Soma sehemu ya 7.

Asiyefanya kipimo hiki ni kama mtu amwagiliaye shamba bila kutazama udongo. Huenda mmea unakufa kwa maji, naye azidi kuyaongeza.

6. UGONJWA WA NJAA

Sababu zake za kawaida ni tatu.

Kwanza, hewa ya wizi. Hewa huingia chini ya kabureta pasipo kupimwa: katika gasketi iliyokauka, katika karanga zilizolegea, au katika mpira uliopasuka, hasa mpira uendao kwenye breki na ule uendao kwenye distributa. Ili kuitafuta, acha injini katika sailensa, chukua maji ya sabuni, nawe uyatie kidogo kidogo penye maungio. Sauti ikibadilika, au povu likivutwa ndani, umepata tundu. Mipira ibane mmoja mmoja kwa koleo. Ukibana mmoja na injini ikatulia, huo ndio mwizi. Usitumie petroli kwa kazi hii.

Pili, uchafu katika jeti ndogo. Ukizungusha skrubu ya mchanganyiko na injini isijali hata kidogo, shuku jeti hii. Ifungue kwa bisibisi inayoenea vema, ioshe kwa petroli safi, kisha ipulize kwa pampu ya baiskeli. Usiingize waya wala sindano. Shaba ni laini, na tundu likipanuka hata kwa unene wa unywele kipimo chake kimekwisha kuharibika.

Tatu, umeme wa jeti. Kabureta nyingi za Kijapani zina kifaa kidogo chenye waya mmoja, ambacho hufungua njia ya sailensa ufunguo uwashwapo na kuifunga uzimwapo, ili injini isiendelee kuzunguka baada ya kuzimwa. Waya ukichomoka, motokaa haikai katika sailensa kabisa, ingawa ukikanyaga mafuta yaenda. Washa ufunguo bila kuwasha injini, gusa waya mahali pake: usikie mlio mdogo, “ta.” Usiposikia, chunguza waya kwanza, kisha kifaa chenyewe.

Tukiwa katika habari ya uchafu, tukumbuke madumu. Petroli iliyokaa katika dumu huchanganyika na kutu, mchanga na maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na tone moja laweza kuziba jeti. Chuja petroli kwa chujio safi, na usimimine masalio ya mwisho ya dumu. Nunua katika kituo kinachoaminika. Wako watu walioghushi petroli kwa mafuta ya taa, hata EWURA ikaanzisha mwaka 2010 utaratibu wa kutia mafuta alama ili kuwatambua. Petroli ya namna hiyo huwaka vibaya injini ikiwa baridi.

7. UGONJWA WA SHIBE

Dalili zake ni moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi nyeusi, na injini kukataa kuwaka ikiwa na moto.

Tazama kwanza kilichopo wazi: je, choki imerudi kabisa? Je, kichujio cha hewa ni safi? Vumbi la njia zetu hukijaza upesi, na kichujio kilichoziba hufanya kazi ya choki mchana kutwa.

Kisha tazama chumba cha petroli. Katika kabureta nyingi za Toyota na Datsun kipo kioo kidogo ubavuni. Petroli yapasa kufika kwenye alama yake. Ikipita alama, au ikitiririka nje, basi sindano haizibi. Huenda chembe ya uchafu imeikalia, au imelika, au boya limetoboka. Toa boya, ulitikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, halifai tena.

Wenye Land Rover Series IIA au III yenye kabureta ya Zenith wajue jambo lao. Kwa joto la miaka mingi uso wa kifuniko cha juu hujipinda, na pete ndogo ya mpira iliyo ndani huchakaa. Petroli hupita pasipopaswa, na sailensa huwa mbaya hata uzungushe skrubu siku nzima. Dawa ni kuweka msasa mwembamba juu ya kioo kilichonyoka, kuusugua uso polepole mpaka uwe sawa, na kutia pete mpya. Watu wengi hununua kabureta nzima kwa ajili ya pete hiyo.

8. CHOKI YENYEWE IKIWA MBOVU

Fungua kifuniko cha kichujio cha hewa, nawe umwambie mwenzako avute choki. Kilango cha juu kifunge kabisa. Airudishe: kilango kisimame wima kabisa. Kisipofanya hivyo, ugonjwa ni wa waya au wa kilango chenyewe.

Hewa ya pwani ina chumvi, na waya wa choki hushika kutu ndani ya mfuko wake. Utie oili nyepesi, uuvute na kuurudisha mara nyingi. Ukiufunga tena, uache ulegevu kidogo, kiasi cha milimita 2, ili kilango kiweze kufunguka kabisa. Choki ikivutwa husukuma pia kilango cha chini kidogo, ili injini baridi iende kasi. Kwa hiyo waya uliokazwa mno hufanya sailensa kuwa juu siku zote, na mtu asiyejua huishusha kwa skrubu. Kesho yake asubuhi motokaa haiwaki.

Motokaa nyingine zina choki ya kujiendesha, ambayo springi yake hulegezwa na joto la maji au la umeme. Kwa hizo, asubuhi kanyaga mafuta mara moja mpaka chini, uachie, ndipo uwashe. Ikiwa kilango hakifunguki baada ya injini kupata moto, chunguza bomba la maji au waya wa umeme uletao joto.

9. JOTO LA DAR ES SALAAM NA BARIDI YA MILIMA

Kwa kuwa Dar es Salaam ni mahali pa joto, wako wanaoiondoa choki kabisa au kuifunga kwa waya. Si shauri jema kwa mkulima. Asubuhi ya baridi huko Lushoto au Mgeta ataitafuta asiipate.

Tena milimani hewa ni nyepesi. Lushoto, mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, hewa yake imepungua kama sehemu moja katika nane kuliko ya pwani. Kwa hiyo kabureta iliyosawazishwa Dar es Salaam hushiba kidogo ikipanda huko, na iliyosawazishwa milimani huona njaa ikishuka Kariakoo. Isawazishwe mahali inapofanya kazi zaidi, na tofauti ndogo ya mahali pengine ivumiliwe.

Jambo la tatu ni joto la kusimama. Umeshusha mzigo, injini imezimwa kwa robo saa juani. Joto hupanda kwenye kabureta, petroli huchemka chumbani na kumwagikia ndani ya injini. Ukirudi, motokaa haiwaki. Hapo wengi huvuta choki, nao hukosea, maana wanaongeza petroli juu ya petroli. Fanya hivi: rudisha choki kabisa, kanyaga mafuta mpaka chini na uyashike hapo hapo, usipige-pige, kisha washa kwa muda usiozidi sekunde 10. Hewa itaingia kwa wingi na kukausha. Kila ukipiga pedeli, pampu ndogo ya kabureta hurusha petroli nyingine ndani.

Motokaa ikizimika njiani kwa joto na petroli isifike kwenye kabureta, ngoja ipoe, au weka kitambaa chenye maji juu ya pampu ya petroli na bomba lake.

10. KUSAWAZISHA SAILENSA

Kazi hii ifanywe baada ya hayo yote, injini ikiwa na moto, choki imerudi, na kichujio cha hewa kipo mahali pake.

(a) Tafuta skrubu mbili. Ya kwanza huzuia kilango cha chini kisifunge kabisa. Hiyo ni ya mwendo. Ya pili imeingia katika mwili wa kabureta chini. Hiyo ni ya mchanganyiko.

(b) Kaza skrubu ya mchanganyiko ukihesabu mizunguko, na uandike hesabu ili uweze kurudi ulikotoka. Ikifika mwisho usiikaze kwa nguvu, maana ncha yake huharibika. Kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu.

(c) Washa injini. Kwa skrubu ya mwendo, iweke izunguke juu kidogo kuliko kawaida.

(d) Kaza ya mchanganyiko robo kwa robo mpaka injini itetemeke. Kisha fungua mpaka itetemeke tena. Irudishe katikati, mahali injini inapozunguka kwa kasi na kwa utulivu.

(e) Shusha mwendo kwa skrubu ya kwanza. Injini nyingi za zamani hutaka mizunguko 600 hadi 800 kwa dakika. Kitabu cha motokaa yako ndicho chenye neno la mwisho. Kisha rudia (d) mara moja.

Ikiwa skrubu ya mchanganyiko haibadilishi kitu, acha. Ugonjwa bado upo. Rudi sehemu ya 5.

11. KUNUNUA VIFAA

Ukienda kununua vifaa Gerezani au Mtaa wa Shaurimoyo, chukua kifaa cha zamani mkononi. Jeti zina namba. Namba mpya na ya zamani ziwe moja. Soma pia jina na namba ya kabureta yenyewe, maana motokaa mbili za aina moja huweza kuwa na kabureta mbalimbali. Uliza kwanza kifurushi cha gasketi na sindano kabla ya kuuliza kabureta nzima. Kabureta iliyotumika ishike mkononi, utikise ekseli ya kilango cha chini. Ikicheza sana, hewa ya wizi itapita hapo, nawe utakuwa umenunua ugonjwa.

12. PAMPU ZA KUMWAGILIA

Mafundisho haya yafaa pia kwa mashine ndogo za petroli za kuvuta maji. Nazo zina choki, boya na jeti. Kama pampu itakaa bila kazi msimu wa mvua, funga bomba la petroli, uache injini izunguke mpaka izimike yenyewe, ili petroli isikauke ndani na kuacha gundi katika jeti.

13. MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Choki ni ya injini baridi. Injini ikipata moto irudishwe kabisa.
2. Choki ikivutwa kidogo na injini ikatulia, ni njaa. Ikizidi kutetemeka, ni shibe.
3. Umeme kwanza, kisha hewa ya wizi, kisha uchafu, kisha boya, skrubu mwisho.
4. Usitoboe jeti kwa waya.
5. Injini yenye moto isiyowaka haitaki choki, yataka hewa.

Yafaa kazi hii ifanywe nyumbani, siku mbili kabla ya safari, si Kariakoo juu ya matenga ya nyanya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kabureta ufa wenyewe mara nyingi ni mpira wa bei ndogo.